Mashine Mbili na Mkono Wangu wa Kulia

Aabo Ifrah,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Huku Garissa joto ni lile lile, mama yako ni yule yule, na mbuzi wa jirani bado wanaingia uani kututafunia nguo zilizoanikwa. Nakuita aabo, yaani baba, kama ilivyo ada yetu ya mzazi kumwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye, ili ujue tangu mwanzo kwamba siandiki kwa hasira. Na naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali kwangu ni cha mdomoni tu. Kalamu nilifundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, nikazeekea hapo.

Kuna maswali mawili unayongoja niyajibu. La kwanza umeniuliza mwenyewe kwa simu: katika zile mashine mbili za michezo ulizoniachia, ndogo na kubwa, ipi iliyo bora nibaki nayo, ili nyingine uichukue Mandera, wanafunzi wako wa kompyuta waifungue na kujifunzia. La pili hukuliuliza wewe. Limeletwa na wazee wa Yahya wa huko Mandera: lini waje tufunge nikaha yenu. Niliwaambia wangoje mvua. Mvua ikanyesha, ikakatika, mito ikakauka tena, nami bado niko kimya.

Mama yako ananiambia unafikiri simtaki Yahya. Subhanallah! Kijana ana adabu, ana kazi, anasali, na alipokuja hapa alikunywa chai ya mama yako yenye sukari ile bila kukunja uso. Nimkatae kwa lipi? Ninachokiogopa ni kitu kingine, na kwenye simu sikuweza kukisema. Siku ya nikaha baba wa binti na bwana harusi hushikana mikono ya kulia mbele ya sheikh na watu wote, maneno yakasemwa mikono ikiwa imefungana. Mkono wangu wa kulia unaujua ulivyokuwa. Ami yako Noor yuko tayari kuniwakilisha, hata kanzu ameshapiga pasi, lakini sitaki Noor. Nataka nikutoe mwenyewe.

Kwa hiyo nivumilie nianze na mashine, maana jibu la pili limo ndani ya jibu la kwanza. Na mimi ni dalali wa mifugo, mwanangu. Siwezi kusema mnyama yupi ni mzuri kabla sijamzunguka.

Unakumbuka uliponikuta baada ya kile kiharusi. Ulishuka kwenye basi na vumbi lote la barabara ya Wajir kichwani, ukaniona nimekaa ukutani na mkono umelala pajani kama mgeni asiyejua aende wapi. Nilikuwa nakula peke yangu chumbani, kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Sinia ilipoletwa barazani nilisema sina njaa. Daktari wa mazoezi alinipa mpira wa kufinyafinya, nami nikauchukia ule mpira tangu siku ya kwanza. Mtu mzima, nimeshika kamba za ngamia maisha yangu yote, nikae nafinya mpira kama mtoto anayeota meno! Siku ya pili mbuzi wa jirani aliutafuna, na sikumfukuza.

Hukunigombeza. Ulitia mkono kwenye mkoba ukatoa ile ndogo, ukaniwekea kiganjani, ukasema, "Aabo, hebu nishikie hii kidogo, nakwenda kuoga." Mjanja wewe. Uliporudi nilikuwa nimeshaiwasha bila kujua nimeiwasha vipi, na mle ndani kijitu chenye kofia kilikuwa kinanitazama kinangoja nikiambie la kufanya.

Sasa nisikilize, hii ndiyo tathmini yangu ya ile ndogo. Umbo lake ni kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha tumika. Ni ya plastiki, nyepesi, inaingia mfuko wa shati, na jua la Garissa haliijali. Ukiichaji asubuhi inakufikisha magharibi bila kulalamika. Kioo chake ni kidogo lakini kivulini kinaonekana vizuri. Mbele ina msalaba wa vitufe upande wa kushoto, na vitufe vinne vya mviringo upande wa kulia, na hapo ndipo dole gumba langu lilipoanza kuzinduka. Mnyama mvumilivu, anayekula chochote na hapigi mateke.

Aibu yake ni moja: ukimshtua anasahau jina lake. Siku ile niliyochomoa ile kadi ndogo inayohifadhi michezo ili niipulize vumbi, mashine ikiwa bado inafanya kazi, kioo kiligeuka cheusi kikajaa maandishi meupe. Wewe ulikuwa umesharudi Mandera. Tukakupigia simu, mama yako akavaa miwani akakusomea herufi moja moja, kama anayesoma hati ya shamba, nawe ukacheka mpaka simu ikakatika. Ulipopiga tena ukatueleza kwamba kiini cha ile Linux, programu inayoiendesha mashine, kimeingiwa na hofu. Mama yako akasema, "Hofu ya nini? Mwambie yuko nyumbani." Halafu ukamtuma kijana wa duka la simu aje na kompyuta yake, ukamwelekeza huko huko kwa simu namna ya kuijaza kadi upya, na kijitu kikarudi na kofia yake.

Na hiyo Linux yenyewe, bado tuna ubishi. Ulinieleza kwamba ni kama kisima cha wote, kila mtu anaweza kushuka, kuchota na hata kukichimba zaidi, ilimradi asikifungie wenzake. Nikakwambia wewe ni msomi wa kompyuta tu, visima huvijui. Kuanzia Hadado mpaka hapa hakuna kisima kisicho na wenyewe. Ukasema, "Ndiyo maana nakuambia hiki ni cha ajabu." Siku ile nilijifanya naitwa na adhana, na mpaka leo ubishi uko pale pale.

Basi dole gumba likapona, nami nikajiona nimepona mzima. Hapo ndipo lilipotokea lile la sokoni. Wewe umekulia sokoni unayajua haya, ila Yahya ni mtu wa ofisi na najua utamsomea, kwa hiyo nieleze. Madalali wetu hawataji bei kwa mdomo. Tunafunika mikono ya kulia kwa shuka, na chini ya shuka vidole vinazungumza. Kushika kidole kizima kuna maana yake, kubonyeza kiungo cha kidole kuna maana yake. Kukwaruza kiganja cha mwenzako ni kukataa. Kukifunga kidole chake ndani ya kiganja chako ni kukubali, na mkono ukishafunga, mnyama ameuzwa. Watu wamejaa pembeni na wanaona nyuso zetu tu. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, na sijaona dalali aliyeukana mkono wake.

Siku hiyo nilikuwa nikimuuzia mjane mmoja wa Kotile ng'ombe wake jike, yule mwekundu mwenye pembe za kurudi nyuma. Aliyekuja kununua ni Dubow, dalali mwenzangu wa miaka mingi, mtu tunayetaniana na kubishana kila siku ya soko. Tukaingiza mikono chini ya shuka. Dubow akataja bei ya dharau, kama kawaida yake. Nikataka kumkwaruza kiganja kwa kidole cha shahada, nimwambie aache mzaha. Kidole hakikusogea. Nikakilazimisha. Badala ya kukwaruza, mkono mzima ukajivuta ukajikunja wenyewe, ukafunga juu ya kidole chake.

Dubow aliondoa shuka akasema alhamdulillah. Nami ningesema nini, Ifrah? Kwamba mkono wangu umeuza ng'ombe bila mimi? Yule mjane alinitazama tu, na afadhali angenitukana. Nilimfidia kwa mbuzi wangu mwenyewe, akaenda zake akiniombea dua. Lakini sokoni maneno hayazuiliki. Kabla ya adhuhuri walikuwa wananisema, ati mkono wa mzee Salat umekufa, na mimi nikarudi nyumbani nikalala nimegeukia ukuta.

Ulipokuja likizo ukanikuta hivyo. Mama yako alishakusimulia kwa simu ukiwa njiani, naona, maana hukuuliza kilichotokea. Uliuliza, "Kidole gani?" Nikakuonyesha kile cha shahada. Nikakwambia pia, na hilo sikuwa nimemwambia mtu, kwamba hata kwenye swala hakiinuki. Ninapofika kwenye tahiyatu wenzangu wote wananyoosha kidole kumshuhudia Mola wao, changu kimelala gotini. Ulinishika kile kidole ukakikunja na kukikunjua taratibu, ukitazama mbali, kama mama yako anavyokagua kunde. Kisha ukasema, "Ile ndogo imefundisha dole gumba peke yake. Kosa ni langu." Kosa lako lilikuwa lipi, mwanangu? Hukuwa na kosa.

Ndipo ukaileta ile kubwa. Haya, tuizunguke na hiyo.

Kubwa ni ya chuma, nzito, pana kama sahani ya halwa. Kioo chake ni kipana hata mama yako anakiona kijitu bila miwani, na hilo kwangu si faida. Ina vijiti viwili vya kuzungusha, inajiunga na mtandao yenyewe, na ukiizima ghafla inalala tu, ukiiamsha unakuta mambo pale pale ulipoyaacha. Ni bora kuliko ndogo kwa kila kitu ambacho muuzaji angekutajia. Lakini inakula chaji kama ngamia aliyetoka safari ndefu. Ukiisahau juani unaweza kukaangia yai mgongoni mwake, vumbi letu linaingia kwenye vile vijiti vikaanza kukwama, na mfuko wa shati haiingii. Mnyama wa maonyesho huyo. Ningekuwa nanunua kwa macho ningesema ni wa watu wa Nairobi.

Ila mgongoni, juu, ina vitufe viwili kila upande, vipana, vimekaa pale pale vidole vya shahada na vya kati vinapotua mtu anapoishika. Ndogo nayo ina vya nyuma, lakini vimebanana, kidole kama changu hakina pa kukaa. Vya kubwa huvioni unapocheza. Macho yako yako mbele na kidole kinafanya kazi yake kule nyuma, kimefichika. Uliponiwekea vidole juu yake nilishtuka nikakutazama, nawe ukanitazama. Ukasema, "Kama chini ya shuka, aabo." Wallahi nilitaka kulia pale pale mkekani.

Kisha ukachomeka kibodi kwenye ile mashine, ukafungua ndani ya hicho kisima chako, ukaandika andika mambo. Ulipomaliza kijitu kilikuwa hakiruki tena kwa dole gumba. Ili kiruke shimo lazima nibonyeze kwa kidole cha shahada, na ili kisimame lazima nikiachie kwa wakati wake. "Kubonyeza ni nusu ya kazi," ukasema. "Nataka kidole kijue na kuachia."

Ukaenda zako Mandera ukaniacha na msiba. Kijitu kilianguka shimoni asubuhi, kikaanguka adhuhuri, kikaanguka baada ya alasiri. Mama yako akipita na ndoo anauliza, "Umemuua tena?" Namjibu, "Kajitupa mwenyewe." Anasema, "Maskini, na mama yake yuko wapi?" Kuna siku niliitupa mashine kwenye mto wa kulalia nikaapa siigusi tena, na kabla chai haijachemka nilikuwa nimeshaichukua. Kidole kilikuwa kinabonyeza, sawa, lakini kikishabonyeza kinang'ang'ania, hakiachii. Na wakati huo huo ujumbe wa wazee wa Yahya ukafika. Niliwaza mkono huu ukishika mkono wa kijana wa watu ukang'ang'ania pale, au ulale tu kama samaki, sheikh anasoma na watu wa Mandera wote wanautazama. Nikawaambia wangoje mvua. Hilo ndilo jibu lote la kimya changu, aabo. Niliogopa, basi.

Sikumbuki siku kilipoanza kuachia. Nakumbuka tu kwamba mama yako alipita na ndoo hakuuliza kitu, akasimama, akatazama, kijitu kikaruka shimo, kikatua, kikaruka jingine, kikatua. Akaweka ndoo chini. Akasema, "Kumbe anajua kuruka." Tulikaa pale mpaka maharage yakaungua, na kwa mara ya kwanza katika ndoa hii si mimi niliyelaumiwa.

Halafu Ijumaa moja msikitini, kwenye tahiyatu, sikukifikiria hata kidogo. Nilikuwa nawaza jua na foleni ya viatu mlangoni. Nikafika kwenye shahada na kidole kikainuka chenyewe gotini. Kilitetemeka kidogo, lakini kilisimama. Nilitoa salamu kulia na kushoto machozi yananitiririka, jirani yangu akadhani nimefiwa, akanipa pole. Nikaipokea, ningemwelezaje?

Jioni ile nilikula sinia moja na Noor na wanawe, kwa mkono wa kulia. Wali ulimwagika. Nikala.

Lakini kula na kusali ni mambo yangu mimi na Mola wangu. Nilitaka kujua kama mkono huu unaweza kupewa mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo juma lililopita nilivaa kofia yangu nikaenda sokoni. Kulikuwa na mfugaji amekuja na ngamia jike kutoka Habaswein, mnyama wa kutazamika, hana dalali, nami nikasimama upande wake. Watu wakakonyezana. Na nani aje kununua? Dubow.

Alinitazama, akautazama mkono, akavua shuka begani. Tukaingia chini. Mkono wake ulikuwa na joto na mgumu vile vile. Akanipa bei yake ya dharau. Nikakiambia kidole kikwaruze.

Kilichelewa, Ifrah. Sitakudanganya, kilichelewa. Nilihisi jasho likinishuka mgongoni, na nyuma watu wameanza kunong'ona, na mmoja akasema, "Wazee, ngamia atazeeka." Dubow hakuutikisa mkono wake. Alitazama pembeni kama mtu anayepiga hesabu ngumu, akamkaripia yule msemaji, "Waryaa, wewe, una basi la kuwahi? Tuache tufanye kazi." Akaendelea kungoja, kiganja chake kimefunguka kabisa. Na kidole kikafika. Kikakwaruza. Akapandisha bei, nikakwaruza tena, safari hii haraka. Akabonyeza kiungo, nikamjibu kwa kiungo kingine. Tulizungumza vile kwa muda mrefu, na kila neno nililisema mimi. Alipofika pale nilipopataka, nikafunga mkono juu ya kidole chake. Naye alipomshukuru Mungu, nikauachia.

Dubow alitupa shuka begani akawatangazia watu wote, "Huyu mzee amekuwa mgumu kuliko zamani, jihadharini naye!" Wakacheka. Hakuna aliyejua kilichopita chini ya shuka isipokuwa yeye, na yeye hatasema. Tulipokuwa tunakunywa chai baadaye nilimwambia, "Ulinisubiri." Akasema, "Nilikuwa napiga hesabu." Nikamwacha na uongo wake.

Sasa jibu lako la kwanza. Mashine iliyo bora ni kubwa, bila ubishi, na kwa hiyo ndiyo unayoichukua wewe. Wanafunzi wako wanastahili kisima chenye maji, na mimi kidole changu kimeshapata ilichokuwa nacho. Nitakusafishia vumbi kwenye vijiti. Nibakishie ndogo, naipenda kama mtu anavyompenda punda wake, na inaingia mfukoni ninapongoja wateja. Dubow ameshaniomba aijaribu. Nimemkatalia.

Na jibu la pili ni hili. Mwambie Yahya awalete wazee wake, waje wakiwa tayari, mvua iwepo isiwepo. Noor aitundike kanzu yake, sihitaji wa kuniwakilisha. Sheikh akisema tushikane, kijana anaweza kuusikia mkono wangu ukichelewa kidogo, umwambie asishtuke, angoje. Ukishafunga, ajue ni mimi niliyeufunga. Na nitakapouachia, mwanangu, ajue pia kwamba ni mimi niliyeuachia, kwa ridhaa yangu yote.

Baba yako akupendaye,
aliye hapa Garissa.